Tunasikika Mpaka Wapi

Jumamosi, tarehe 7 Septemba

Tumekwisha.

Mama alikuwa kwenye simu sebuleni, mlango haukufungwa sawasawa, nami nilikuwa kwenye korido nikifunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko viatu vyenyewe vinavyohitaji. Alisema Mkaguzi wa mawasiliano anakuja Ijumaa kuangalia kituo chetu kinasikika mpaka wapi. Akanyamaza kusikiliza. Kisha akasema huyo mtu asiporidhika leseni itaondoka, kituo kitafungwa, na yeye atahamishiwa makao makuu akapewe meza kwenye stoo ya vipuri.

Mama ni fundi mkuu wa redio ya mji wetu. Redio yenyewe ni ndogo, ya AM: studio moja, chumba kimoja cha mtambo, na mnara mmoja ulio hatua arobaini kutoka dirisha la jikoni kwetu. Tuko wawili tu, mimi na yeye, na nyumba tunayoishi ni ya kituo. Kituo kikifungwa, nyumba inaondoka, na mtihani wa mwisho nitaufanya kati ya watu nisiowajua. Ila hayo ni madogo. Kubwa ni Mama. Ule mtambo aliukuta umekufa akaufufua kwa mikono yake, na kila asubuhi huufuta vumbi kabla hajanawa uso.

Nilimwuliza kuna nini. Akasema ni mambo ya watu wazima, nile, nikasome.

Nimekula. Nimesoma. Sasa nafikiri. Jambo liko wazi: tunasikika karibu mno. Lazima tusikike mbali. Nina siku sita.


Jumapili, tarehe 8 Septemba

Mpango wa kwanza. Kitabu cha sayansi, ukurasa wa themanini na tatu: ardhi yenye unyevu hupitisha mawimbi ya redio vizuri kuliko ardhi kavu. Hapa kwetu mvua haijanyesha tangu Juni. Nilishangaa kwamba hakuna aliyeliona hilo kabla yangu.

Nimebeba madumu kumi na tisa ya maji kutoka bombani na kuyamwaga kuuzunguka uzio wa mnara. Ndani ya uzio sikuingia. Pale mnara una umeme wa kumkausha mtu. Dumu la ishirini sikulibeba, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wamekwisha fika kunywa.

Kisha akaja Mzee Fyuzi. Huyu ndiye anayeshika zamu ya jioni: husoma matangazo, hupiga muziki na huuangalia mtambo, vyote peke yake. Jina alilipata kwa sababu hubeba fyuzi mfukoni kama wengine wabebavyo pipi. Alikuja kwa njia yake ya kila siku, chupa ya chai mkononi, na miguu yake miwili ikaenda pande mbili. Akiwa ameketi kwenye tope aliniuliza kama bomba limepasuka. Nikamwambia hapana, shikamoo, namwagilia majani. Akaitika marahaba. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Mjukuu wangu, majani gani?"

Jioni Mama alichukua gari la kituo na redio ya betri akaenda mpaka machimbo ya kokoto, kilomita mia moja na ishirini. Alirudi nimekwisha panda kitandani. Nilitoka kumwuliza kama huko tunasikika. Akasema, "Hata mnong'ono, mwanangu. Kimya kabisa." Akacheka. Akala chakula chake, akala na kile nilichomwekea kwa kesho.

Maskini Mama. Anajikaza ili nisiogope.


Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Shuleni niliuliza darasa zima ni nani anayesikiliza redio yetu nyumbani. Mikono minne. Mmoja alikuwa anajikuna.

Kiranja wa darasa, ambaye baba yake anauza simu na kwa hiyo anajua kila kitu, alisema redio yetu inaishia buchani. Ukivuka bucha, alisema, wanaoisikia ni mbuzi peke yao. Nikamjibu kwamba mbuzi nao ni wasikilizaji. Sikupaswa kusema hivyo. Mpaka kengele ya mwisho walikuwa wanalia kama mbuzi kila nikifungua daftari, na Kiranja akaandika jina langu kwenye orodha ya wapiga kelele.

Lakini siku haikupotea. Baada ya masomo nilimfuata Mwalimu wa Sayansi nikamwuliza redio ya AM inaweza kwenda umbali gani. Alifurahi mpaka akaweka chini mkoba wake. Alisema mchana mawimbi yake hutambaa ardhini, yakachoka mapema. Jua likizama, anga ya juu kabisa inakuwa kama kioo: mawimbi yanapanda, yanagonga kule juu, yanarudi chini mbali sana, kilomita mamia kwa mamia. Redio ndogo kabisa, alisema, inaweza kusikika nchi ya tatu. Nikaandika kila neno. Akaendelea, "Sasa, ndiyo maana vituo vingi vinatakiwa..." na mimi nikamshukuru nikakimbia, kwa kuwa nilishapata nilichotaka na kwaya ilikuwa inanisubiri.

Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoona kosa linalofanyika hapa kwetu kila siku. Mchana mtambo wetu unatumia kilowati tano. Saa kumi na mbili jioni, jua linapozama tu, Mzee Fyuzi anageuza swichi na kuushusha mpaka kilowati moja. Yaani wakati ule ule anga inapokuwa kioo, sisi tunanong'ona! Sijawahi kuuliza kwa nini. Nadhani ni kubana umeme.


Jumanne, tarehe 10 Septemba

Nimekwenda studio kabla ya zamu kumwona Mzee Fyuzi. Nilimpelekea sabuni ya kufulia suruali, kama msamaha wa tope. Kisha nikamweleza. Mkaguzi anakuja kuangalia tunasikika mpaka wapi. Tukiwa na ushahidi kwamba tunasikika mbali, Mama anabaki na kituo kinabaki. Kinachohitajika ni swichi ikae juu kwa saa moja zaidi, na yeye awaombe wasikilizaji watume ujumbe kwenye simu ya studio wakitaja mahali walipo, saa, na ubora wa sauti kwa alama moja hadi tano. Tatu ni wastani.

Alikataa. Alisema fundi mkuu amesema saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Alisema kwamba yeye na Mama wanaelewana vizuri hasa kwa sababu yeye haulizi maswali. Amebakiza mwaka mmoja astaafu, na anataka kustaafu akiwa na meno yote.

Nikamwambia kituo kikifungwa hana cha kustaafia.

Alichukua fyuzi moja mfukoni akaitazama kwenye mwanga. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua, kama mawimbi hayo yangefika kwenye mashamba ya chai, kilomita mia tatu na hamsini. Nikasema bila shaka. Akasema huko anaishi dada yake mkubwa. Miaka kumi na minane amekuwa akimwambia kwamba yeye ni mtangazaji. Dada yake hajawahi kumsikia hata mara moja, na ukoo mzima unaamini anauza mkaa.

Tumekubaliana kuanza kesho, kwa sababu kila Jumatano Mama huenda kwa Shangazi mpaka saa mbili. Nusu saa tu, alisema. Nikasema saa moja. Akasema mimi nimemzidi Mama kwa ubishi, na hilo hakulitegemea maishani.

Nimechora jedwali kwa rula. Safu tano. Wino mweusi wa maandishi, mwekundu wa kilomita.


Jumatano, tarehe 11 Septemba

Tumesikika!

Lakini kwanza niandike kuhusu mfereji, maana ulinitoa jasho. Nyumba yetu ina mfereji wa bati ukingoni mwa paa, wa kukinga maji ya mvua. Umeshika kutu kwenye maungio, na kwa sababu mnara uko karibu sana, mtambo ukiwa na nguvu zote mfereji huongea. Kweli kabisa. Mchana kutwa unanung'unika muziki na habari kwa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Swichi ikishuka, unanyamaza. Mama hahitaji saa ya ukutani: mfereji ukinyamaza, anajua ni saa kumi na mbili na Mzee Fyuzi amefanya kazi yake.

Leo saa kumi na mbili ilipita na mfereji ukaendelea. Mama hakuwepo, lakini nilikaa jikoni kama mwizi, nikisikiliza lango. Saa kumi na mbili na nusu mfereji ukasoma tangazo langu. Niliposimama chini yake nilisikia kila neno. Saa moja kamili ukanyamaza. Saa mbili kasorobo Mama akaingia.

Nimetoroka dakika tano kwenda studio kwa kisingizio cha kurudisha chupa ya chai. Ujumbe kumi na tisa. Kiwanda cha saruji, kilomita mia na themanini, alama nne. Mvuvi ziwani, mia mbili na kumi, alama nne, anauliza kwa nini hatupigi muziki wa zamani. Dereva wa lori, mia nne, alama tatu, anampenda mtangazaji wetu wa kike. Hatuna mtangazaji wa kike. Mzee Fyuzi amejisikia vibaya kidogo.

Dada yake hajatuma kitu. Mzee alisema labda alikuwa anakamua ng'ombe. Aliandika kwenye daftari la zamu "saa 12:00, nguvu imeshushwa", kama anavyoandika kila siku, akaweka sahihi. Nikamwuliza kama huo si uongo. Akasema mkono umezoea.

Mama husaini daftari hilo kila asubuhi.


Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Siku mbaya kuliko zote, na yenye mafanikio kuliko zote.

Mzee Fyuzi ndiye aliyeniambia leo tuongeze mpaka saa mbili. Dada yake hukamua mpaka saa moja, amekumbuka. Na Mama alikuwa nyumbani. Alirudi mapema, akavua viatu, akasema leo haendi popote, anataka kulala vizuri kabla ya kesho. Alitia sukari mara mbili kwenye kikombe kimoja. Hakujua kama naona.

Saa kumi na mbili ikafika. Mfereji ukaendelea kunung'unika.

Nilianza kuosha vyombo. Nilivigonga. Nikaimba wimbo wa kwaya, sauti zote nne, moja baada ya nyingine. Mama akauliza kutoka chumbani kama nina homa. Nikasema nina mashindano. Akasema mashindano yaahirishwe, kichwa kinamuuma. Nikanyamaza, na katika ule ukimya mfereji ukakohoa kwa sauti ya Mzee Fyuzi.

Mama akauliza saa ngapi.

Nikasema kumi na mbili kasorobo. Nilimdanganya Mama usoni. Tena niliisukuma nyuma saa ya ukutani, kwa fimbo ya ufagio, nikiwa nimepanda kwenye stuli.

Kisha akakumbuka nguo. Zilikuwa kwenye kamba, na kamba iko chini ya mfereji hasa. Alikuwa ameshika kitasa. Na ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane. Baada ya dakika mbili bati lingemsomea tangazo langu utosini. Nilipita chini ya mkono wake, nikaenda kuzianua mimi, zote, kwa mara moja, na vibanio vyake. Niliporudi nimebeba rundo mpaka puani, Mama alinitazama muda mrefu. Akasema, "Wewe mtoto, tangu lini unaanua nguo bila kuambiwa mara tatu?" Nikasema nakua. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Akasema kesho ikipita salama atanipeleka kwa daktari.

Alilala saa moja. Nilisimama nje ya mlango wake mpaka nikasikia anakoroma, kisha nikakimbia studio.

Ujumbe arobaini na nne! Mmoja umetoka ng'ambo ya mpaka, kilomita mia tisa na themanini, alama tano. Mwandishi anasema tunasikika safi kuliko redio ya kwao, ambayo leo haipatikani kabisa mahali pake pa kawaida. Nimeiandika hiyo kwa wino mwekundu na kuipigia mistari miwili.

Na dada ametuma. Mzee Fyuzi alinisomea mwenyewe, amevaa miwani, amevua miwani, amevaa tena: "Nimekusikia. Kumbe kweli. Punguza kukohoa."

Jumla, sitini na tatu. Mama ameokoka, hajui tu.


Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Naandika nikiwa chini ya meza ya kulia chakula. Hakuna aliyenifukuza huku. Nimejileta.

Nilitoka shule mbio. Gari la Mkaguzi lilikuwa uani, la kijivu, lenye antena tatu. Niliingia ofisini kwa Mama na daftari langu kifuani, nikabisha hodi kama nilivyofundishwa, nikaamkia.

Walikuwa wanakunywa chai. Mama alikuwa anatabasamu, na halikuwa tabasamu la kujikaza, nalijua lile. Mzee Fyuzi alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Mkaguzi ni mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu nzuri. Faili lilikuwa wazi mbele yake na alikuwa anamalizia kusema. Alisema redio moja ya ng'ambo ya mpaka, inayotumia masafa haya haya, imelalamika kwamba kuna mtu anaifunika jioni. Alisema yeye mwenyewe alikaa mpakani jioni kumi na nne, mpaka Jumanne, akisikiliza, na hajasikia kitu. Ameona daftari la zamu, kila siku saa kumi na mbili nguvu imeshushwa, sahihi mbili, ya mzee na ya fundi. Kwa hiyo malalamiko hayana ushahidi. Anafunga faili. Akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

Sijui kwa nini sikuelewa. Nimejiuliza tangu saa tisa. Nadhani nilikuwa nimeisubiri sana zamu yangu ya kusema, hata masikio yalikuwa yamefungwa.

Nikasema, "Samahani, ushahidi ninao mimi."

Nikafungua daftari. Nikasoma. Kiwanda cha saruji, Jumatano, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, alama nne. Ziwani, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mama akaweka kikombe chini. Nikadhani ni mshangao wa furaha, nikaongeza sauti. Mzee Fyuzi alikuwa anatazama dari kama mtu anayetafuta panya. Nilifika mashamba ya chai, Alhamisi, saa moja na nusu. Nilifika ng'ambo ya mpaka. Nikasoma kwa madaha: kilomita mia tisa na themanini, alama tano, na redio ya kwao haipatikani kabisa.

Mkaguzi akafunika kalamu yake.

Alisema kwa upole, tena kwa upole wa kweli, kwamba katika miaka ishirini na mbili ya kazi hajaona taarifa safi kama hii. Aliuliza ni nani amechora jedwali. Akaomba aliazime. Kisha akalivuta daftari la zamu, akaliweka kando ya daftari langu, na kidole chake kikatembea kutoka "saa 12:00, nguvu imeshushwa" kwenda kwenye wino wangu mwekundu, kikarudi.

Mama hakunitazama. Alikuwa anaitazama sahihi yake.


Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Mkaguzi alilala mjini ili arudi asubuhi. Usiku kucha Mama aliendelea kupanga vitabu vyake vya ufundi kwenye boksi, akavitoa, akavipanga tena.

Alfajiri alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu na kunieleza, polepole, kama anavyowaeleza wageni wanaotembelea kituo. Jioni mawimbi yanaruka mbali yakaangukia redio za watu wengine. Kwa hiyo sheria inataka ushushe nguvu jua likizama, ubaki kwenye eneo lako. Hakuna anayebana umeme. Jumapili alikwenda machimboni kuhakikisha kwamba usiku hatusikiki, na hatukusikika, ndiyo maana alicheka.

Akaniuliza kwa nini sikumwuliza yeye. Nikasema aliniambia ni mambo ya watu wazima.

Alininyooshea shuka. Kisha akasema, "Hapo umenishika." Lakini hakucheka.

Mkaguzi aliporudi niliomba kusema. Nilisimama wima, mikono nyuma, nikaeleza yote tangu madumu ya maji. Nilisema Mama hakujua. Nilisema kuhusu saa ya ukutani na fimbo ya ufagio. Mzee Fyuzi naye akasimama. Akasema swichi ni ya mkono wake, uongo wa daftarini ni wa mkono wake, na kama kuna mtu wa kuondoka, aondoke yeye, kwani jambo alilolitaka katika kazi hii amekwisha lipata Alhamisi saa moja na nusu. Mama akamwambia akae chini, asijifanye shujaa na suruali yenye tope.

Mkaguzi aliandika kurasa nne. Alisema uamuzi utatolewa Jumatatu kwa simu. Alipoondoka Mama alisimama mlangoni mpaka gari likapotea. Hakuna aliyekula mchana.


Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Sikwenda shule. Mama hakunifukuza kwenda. Tulikaa ofisini watatu, simu katikati ya meza kama mgonjwa. Saa nne haikulia. Saa tano ililia. Ilikuwa mtu anauliza bei ya tangazo la ng'ombe aliyepotea. Mama alimjibu kwa adabu zote na kuandika rangi ya ng'ombe. Mzee Fyuzi alipanga fyuzi zake zote mezani kwa ukubwa, kisha kwa rangi.

Saa sita na dakika kumi. Mama alisikiliza. Alisema ndiyo mara nane, nilizihesabu. Akaweka simu chini, akaketi, akafunika uso kwa kanga yake, na mabega yakatikisika. Niliwaza boksi la vitabu. Niliwaza stoo ya vipuri.

Alikuwa anacheka. Au analia. Sina hakika, labda vyote.

Kituo hakifungwi. Mkaguzi ameandika kwamba kosa ni la jioni mbili tu, kwa mujibu wa taarifa "iliyoandaliwa kwa uangalifu wa pekee", na kwamba fundi mkuu hakuhusika. Adhabu: onyo la maandishi kwa Mama na kwa Mzee, na miezi mitatu tutarusha kwa kilowati moja, mchana na usiku. Faili linabaki wazi. Likiongezewa hata karatasi moja, Mama anahamishwa siku hiyo hiyo, wala hakuna mjadala.

Mama ametoa masharti yake pia. Sitakanyaga chumba cha mtambo mpaka nimalize shule. Nitafua suruali ya Mzee Fyuzi. Na akasema neno moja, akinishika mabega yote mawili, nami nimeliandika hapa kama alivyolisema: "Mwanangu, mimi nakupenda kuliko roho yangu. Lakini lile gari la kijivu sitaki kuliona tena kwenye ua wangu. Umenielewa?"

Nimemwelewa. Nimejifunza somo kubwa, na nimeapa kwamba kuanzia leo sitafanya jambo lolote bila kwanza kufikiri.


Alhamisi, tarehe 19 Septemba

Nimefikiri.

Kiranja alinijia leo asubuhi akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Alisema bibi yake amesikia redio yetu jana jioni, na ndani yake kulikuwa na watu wawili wanasoma matangazo kwa pamoja, mmoja Mzee Fyuzi na mwingine mtu wa lugha nyingine kabisa. Bibi amezima redio akaombewa. Darasa zima likacheka. Mimi nilishaanza kuwaza.

Jioni nilikaa barazani na redio ya betri. Saa kumi na mbili na robo, kweli, alikuwepo: mtu wa mbali, sauti nene, chini ya Mzee Fyuzi. Kufika saa moja kasorobo alikuwa juu yake. Mzee alikuwa anatangaza mkutano wa wazazi na hakuna mzazi angeweza kujua ni saa ngapi. Nilisubiri jina la kituo. Wakalitaja. Ni wale wale wa ng'ambo ya mpaka. Wale walioshtaki!

Sisi tuko kwenye kilowati moja, tumetulia, tumetii. Wao, bila shaka kwa sababu siku hizi hawashushi nguvu, wanatufunika nyumbani kwetu. Na Mama yuko kituoni anafuta mtambo vumbi kana kwamba haki imetendeka, jina lake kwenye faili kama mkosaji, na hakuna hata mtu mmoja anayemtetea.

Safari hii sitaficha kitu wala kumshirikisha Mzee Fyuzi wa watu. Hakuna swichi, hakuna uongo wa saa. Ni ukweli mtupu, kwa njia halali. Nimesikiliza jioni ya leo dakika kwa dakika na kuchora jedwali, safu sita. Nimeandika barua kwa Mkaguzi mwenyewe, nimemwamkia, nimemjulia hali, nikamwomba aiweke taarifa hii kwenye faili la Mama, kwa kuwa bado liko wazi. Mwalimu wa Sayansi ananipa anwani kesho.

Na kwa sababu karatasi peke yake inaweza isimridhishe, nimemwomba aje asikie kwa masikio yake, na gari lake lenye antena zote tatu. Nimempendekezea Jumamosi ya wiki ijayo, jioni, Mama akiwa nyumbani. Sijamwambia Mama. Nataka atoke tu mlangoni alione gari uani, afurahi.